Kwenda kwenye kongamano la taaluma za Kikorea: mwongozo kwa watafiti wa Afrika Mashariki walio ughaibuni

Mtafiti wa Afrika Mashariki aishiye Ulaya au Amerika Kaskazini hahitaji kusafiri hadi Seoul ili kukutana na wataalamu wa utamaduni na jamii ya Korea. Jumuiya ya wataalamu hao barani Ulaya, AKSE, iliyoanzishwa mwaka 1977, hufanya kongamano lake kila baada ya miaka miwili. Ng'ambo ya Atlantiki, wengi hukutana katika kongamano la kila mwaka la AAS, jumuiya ya taaluma za Asia, ambalo kwa kawaida huwa mwezi Machi.

Jambo la kwanza kushughulikia ni hati za safari. Kibali cha ukaazi cha Ujerumani humruhusu mwenye pasipoti ya Kenya au Tanzania kutembelea nchi nyingine za Schengen kwa siku zisizozidi 90 katika kila siku 180, lakini hakimfikishi Uingereza; naye Mkenya mwenye ukaazi wa Uingereza huhitaji viza ya Schengen hata akiwa ameishi London miaka kumi. Kwa anayekwenda Korea Kusini yenyewe, viza ya ziara fupi ni ya kundi la C-3, ambayo haizidi siku 90. Nimeona wenzetu ambao mada zao zilikubaliwa wakakosa safari kwa sababu walingoja ratiba kamili itoke ndipo waombe miadi ubalozini. Siku ileile unapojulishwa kuwa umekubaliwa, omba barua rasmi ya mwaliko yenye jina lako kama lilivyo kwenye pasipoti, tarehe za kongamano, kichwa cha mada yako, na maelezo ya nani atagharimia nini.

Kuhusu ikisari, yaani muhtasari wa mada unaotuma ili ikubaliwe, nina ushauri mmoja ninaousisitiza kuliko yote: acha swali la "Afrika ijifunze nini kutoka Korea?" Ni pana mno, na humgeuza mtafiti kuwa mwanafunzi wa kusifu. Chukua mfano wa Saemaul Undong, harakati ya maendeleo ya vijiji iliyoanzishwa mwaka 1970 chini ya Rais Park Chung-hee. Serikali iligawa mifuko 335 ya saruji kwa kila kijiji, katika vijiji zaidi ya 33,000. Kisha vijiji takriban 16,600 vilivyoitumia vizuri vikaongezewa mifuko 500 na tani moja ya chuma, na vilivyozembea vikanyimwa. Mtu aliyekulia katika kijiji cha ujamaa, au aliyesikia wazee wakisimulia operesheni ya miaka ya 1970 ya kuwahamishia watu vijijini, ana maswali ya haki, hiari na shuruti ambayo hayampati kila mtu ukumbini. Harakati hiyo imepelekwa pia katika vijiji vya Rwanda, Uganda na Tanzania, na anayeweza kuzungumza na wanakijiji kwa lugha yao ana ushahidi adimu wa kuwasilisha.

Muda wa kuwasilisha huwa mfupi, mara nyingi dakika 15 au 20, kwa hiyo soma mada yako kwa sauti ukiwa na saa mkononi.

Wakorea hutanguliza jina la ukoo. Park ni ukoo, Chung-hee ni jina lake. Mhadhiri wa Kikorea mwite kwa cheo, usimwite kwa jina lake la kwanza. Kadi ya mawasiliano toa na upokee kwa mikono miwili, uisome kabla ya kuiweka, adabu ambayo aliyelelewa kupokea kitu cha mkubwa kwa mikono miwili haitampa taabu.

Chuo Kikuu cha Hankuk cha Masomo ya Kigeni, huko Seoul, kimefundisha Kiswahili kwa miongo kadhaa, na baadhi ya wasomi wa Kikorea utakaokutana nao wanakisoma vizuri. Kwa sababu hiyo, katika karatasi utakazogawa, weka maneno ya wahojiwa wako kwa Kiswahili chenyewe, tafsiri ikiwa chini yake.