Kabla ya kuripoti Chuo Kikuu cha Chicago: mambo ya kumaliza ukiwa bado nyumbani

Chuo Kikuu cha Chicago hakifuati semista. Mwaka wake umekatwa vipande vinne, yaani mihula mifupi, na mwanafunzi wa kawaida husoma mitatu: wa vuli, wa baridi na wa machipuko. Kila mmoja una wiki 9 za kufundishwa, siku chache za kujisomea, kisha wiki ya mitihani. Masomo ya vuli huanza mwishoni mwa Septemba, na kufikia wiki ya 3 au ya 4 majaribio yameshaanza. Mtu aliyezoea semista ya wiki 15 za Dar es Salaam au Nairobi hufika akidhani ana mwezi mzima wa kuzoea mazingira. Hana. Karatasi ambayo nyumbani ingemgharimu asubuhi moja, kule humla siku nne kati ya wiki zake 9, tena wakati wenzake wako maktaba. Orodha hii imepangwa kwa kuangalia kinachokula muda zaidi, na kinachoongoza ni chanjo.

Sheria ya Illinois, jimbo lenye jiji la Chicago, inamtaka kila mwanafunzi mpya wa chuo athibitishe chanjo zake. Asiyethibitisha hadi tarehe ya mwisho hazuiwi kuingia darasani muhula ule, bali hufungiwa usajili wa muhula unaofuata, na kwa muhula mfupi namna hii, unaofuata uko mlangoni. Tatizo la wanafunzi wa Afrika Mashariki halitokani na kutochanjwa. Wengi walichanjwa vizuri utotoni, ila ratiba ya nyumbani haifanani na ile inayotakiwa.

Anza na surua. Illinois inataka dozi 2 za kinga ya surua, matumbwitumbwi na rubela, ya kwanza ikiwa imetolewa mtoto akishatimiza miezi 12, na ya pili siku 28 au zaidi baadaye. Sasa fungua kadi yako ya kliniki. Tanzania na Kenya hutoa chanjo ya surua-rubela katika miezi 9 na 18. Dozi ya miezi 9 haihesabiwi kwa sababu ilitolewa mapema mno, na hata ile ya miezi 18 haina matumbwitumbwi ndani yake. Kwa hiyo mtu mwenye kadi safi kabisa bado atadaiwa. Njia ni mbili: uchanjwe upya dozi 2 za chanjo yenye magonjwa yote matatu, au upimwe damu kuona kama kinga ipo, na majibu ya maabara yaonyeshe namba na kiwango, yasiseme tu "ana kinga". Chanjo hiyo huwa haipo katika zahanati za kawaida, itafute hospitali kubwa za binafsi au kliniki za wasafiri mijini. Ukihesabu siku 28 kati ya dozi, pamoja na uwezekano wa kukuta imeisha, anza mwezi wa Juni. Ikiwa utachanjwa pia homa ya manjano, zote mbili zitolewe siku moja au zipishane siku 28, kwa kuwa ni chanjo hai, yaani zenye virusi hai vilivyodhoofishwa.

Pepopunda, dondakoo na kifaduro ni rahisi zaidi. Dozi 3 za wiki ya 6, 10 na 14 utotoni huhesabiwa, mradi zimeandikwa, lakini unahitaji nyongeza iliyotolewa ndani ya miaka 10 iliyopita. Sindano ya pepopunda aliyopigwa mtu baada ya kukanyaga msumari haitoshi, kwani haina kifaduro. Aliye chini ya miaka 22 anahitaji pia chanjo ya homa ya uti wa mgongo ya aina nne, A, C, W na Y, aliyochomwa akiwa na miaka 16 au zaidi. Kama ulikwenda Hija au Umra baada ya umri huo, huenda unayo tayari, ni chanjo ileile inayodaiwa na Saudi Arabia. Tafuta cheti chake kabla ya kulipia nyingine.

Upo pia uchunguzi wa kifua kikuu, ambao vyuo vya Marekani huwataka wanafunzi watokao nchi zenye ugonjwa huo kwa wingi, na nchi zetu zimo. Mwenye kovu la BCG, chanjo ya kifua kikuu ya utotoni, akipimwa kwa sindano ya ndani ya ngozi anaweza kuvimba bila kuwa na ugonjwa wowote, kisha akapelekwa kwenye eksirei na maelezo yasiyokwisha. Omba kipimo cha damu. Kifanyike siku ileile ya chanjo ya surua au ungoje wiki 4 hadi 6 baada yake, kwa sababu chanjo hiyo inaweza kuficha majibu.

Jambo dogo linaloharibu kazi yote hii ni tarehe. Wamarekani huanza na mwezi. Nesi wetu akiandika 07/03/2024, kule itasomwa Julai 3, na dozi mbili zilizopishana vizuri zitaonekana zimekaribiana mno au zimegeuka mpangilio. Mwombe aandike mwezi kwa maneno, aweke jina la chanjo, sahihi na muhuri.

Majina yatazame kwa jicho hilohilo. Sisi huandika majina matatu, na jina la baba au babu ndilo la mwisho. Pasipoti ikisema hivi, cheti cha kidato cha nne kikisema vile, mifumo ya usajili, bima na benki itakuona watu wawili. Kipimo ni pasipoti: fomu ya I-20, ambayo chuo hukupa ili uombe viza, na tiketi zifuate pasipoti herufi kwa herufi. Ukiona kosa kwenye I-20, chuo kiitengeneze upya kabla ya usaili wa viza. Ada ya I-901, ya kuandikishwa kwenye rejista ya serikali ya wanafunzi wa kigeni, kwa viza ya F-1, yaani ya mwanafunzi, ni dola 350 na hulipwa kabla ya usaili, nawe huruhusiwi kuingia Marekani zaidi ya siku 30 kabla ya tarehe ya kuanza iliyo kwenye I-20. Masharti ya viza kwa nchi mbalimbali yamebadilika sana tangu 2025, basi soma tangazo la ubalozi linalohusu pasipoti yako kabla ya kulipia chochote kisichorudishwa.

Kuhusu matibabu, tofautisha vitu viwili. Kituo cha afya cha wanafunzi huendeshwa kwa ada unayotozwa kila muhula, na hapo ndipo pa kwenda ukiwa na homa, kikohozi au msongo wa mawazo. Bima ya afya ni jambo jingine: ndiyo inayokulinda hospitalini, na chuo kitakuandikisha kwenye bima yake isipokuwa uthibitishe kwa wakati kwamba unayo nyingine inayolingana nayo. Bima ya wasafiri ya wiki chache hailingani. Soma sehemu tatu za mkataba: kiasi unachobeba mwenyewe kabla bima haijaanza kulipa, kiasi unachotoa kila ukimwona daktari, na orodha ya hospitali zinazokubaliwa. Kukimbilia chumba cha dharura kwa mafua huleta bili ya kutisha. Maumivu ya kifua au ajali, hapo usisite, piga 911, namba ya dharura.

Meno na macho mara nyingi hayamo katika bima ya kawaida. Ziba jino lililotoboka kabla ya safari, na tengeneza miwani miwili. Dawa za kila siku, za pumu, presha au kifafa, beba za miezi mitatu katika vifungashio vyake, pamoja na barua ya daktari kwa Kiingereza inayotaja jina halisi la dawa, si jina la kibiashara pekee. Mwenye ulemavu au shida ya kusoma apeleke ripoti ya mtaalamu mapema, kwani muda wa ziada wa mtihani hautolewi kwa mtihani uliokwisha fanyika.

Makazi hutegemea ngazi. Wa shahada ya kwanza hulazimika kukaa mabweni ya chuo miaka 2 ya mwanzo, pamoja na mpango wa chakula, hivyo kazi yake kubwa ni kujaza fomu kwa wakati na kuuliza habari za chakula cha halali na za likizo ya Desemba: bweni gani linabaki wazi, na jiko gani linafungwa. Wa uzamili na uzamivu hujitafutia, wengi katika mtaa wa Hyde Park, kilomita 11 hivi kusini mwa katikati ya jiji. Mwenye nyumba atataka historia ya mikopo ya Marekani, ambayo huna, kwa hiyo jiandae na barua ya chuo inayotaja posho yako au mdhamini. Uliza kama joto limo ndani ya kodi. Sheria ya jiji inamtaka mwenye nyumba anayewajibika na joto adumishe nyuzi 20 mchana na karibu 19 usiku, kuanzia Septemba 15 hadi Juni 1. Usitume pesa kwa mtu ambaye hakuna aliyeiona nyumba yake.

Posho na mishahara huja baada ya kazi, haitangulii. Uwe na fedha za kodi ya kwanza, ada ya kuhamia na chakula cha wiki 6 hadi 8. Ijulishe benki yako kwamba kadi itatumika nje, na uongeze kikomo cha siku. Mwenye F-1 haruhusiwi kufanya kazi zaidi ya saa 20 kwa wiki wakati wa masomo, na ndani ya chuo tu, kwa hiyo usipange ada juu ya kibarua.

Mizigo iwe mepesi. Umeme wa kule ni volti 120. Chaja za simu na kompyuta zinafaa kwa kubadilisha plagi, lakini pasi na jiko la wali viache. Jaketi zito na viatu vya theluji vinunue hukohuko mwezi wa Oktoba. Tarehe 30 Januari 2019 baridi ilifika nyuzi 30 chini ya sifuri, na koti la Arusha halikutengenezwa kwa hilo. Viungo na dagaa wakavu vitaje kwenye forodha, nyama usibebe.

La mwisho ni maktaba. Regenstein ndiyo kubwa, na ubavuni mwake iko Mansueto, kuba la kioo lililofunguliwa 2011, ambalo vitabu vyake viko chini ya ardhi na huletwa na mashine baada ya kuviagiza kwa kompyuta. Anayetafiti habari za kwetu ajue kwamba chuo jirani cha Northwestern, Evanston, kina maktaba ya Herskovits, iliyoanzishwa 1954 kwa ajili ya Afrika pekee, na vitabu vya Northwestern vinaweza kuazimwa kupitia mfumo wa vyuo wa kuazimana vitabu. Kitabu huchukua siku kadhaa kufika, kwa hiyo tengeneza orodha yako ukiwa nyumbani na utume maombi wiki ya kwanza.