Ziara ya Mashamba ya Mvinyo: Anza na Njia ya Kurudi

Kazi yangu hapa Nairobi ni kupangia vyama (vikundi vya kuchanga pesa) na familia safari za likizo. Tangu Januari 2023, Wakenya waliporuhusiwa kuingia Afrika Kusini bila viza kwa hadi siku 90 kwa mwaka, Cape Town imekuwa kwenye midomo ya wateja wangu wengi. Wakishaona picha za mizabibu ya Stellenbosch, mji wa mvinyo ulio karibu na Cape Town, huniuliza, "Dada, twende mashamba gani?" Nami huwauliza kwanza: jioni mtarudije hotelini?

Hatua ya 1: Piga hesabu ya kuonja

Neno "kuonja" huwapumbaza watu. Mmiminio mmoja wa kuonja huwa kama mililita 25 au 30, na shamba moja hukuwekea aina tano hivi. Ukimaliza hapo umekunywa glasi nzima. Mashamba matatu ni takriban mililita 450, zaidi ya nusu chupa, na mvinyo wa kule mara nyingi una asilimia 13 au 14 ya kileo. Hizo ni karibu gramu 50 za kileo, ilhali mwili huondoa gramu 7 hadi 10 hivi kwa saa. Kahawa kali haiharakishi chochote, wala kuoga maji baridi. Chakula husaidia kileo kisipande haraka, lakini hakikiondoi.

Tena kule kipimo ni kikali kuliko tulichozoea. Kanuni zetu za alcoblow, kile kipima pumzi cha madereva, za 2011 ziliweka kikomo cha mikrogramu 35 kwa kila mililita 100 za pumzi. Afrika Kusini ni 24.

Hatua ya 2: Chagua usafiri kabla ya mashamba

Mtego mkubwa kwa Mkenya ni kwamba kule pia wanaendesha upande wa kushoto. Barabara ni nzuri, gari la kukodi linapatikana palepale uwanja wa ndege, na Stellenbosch ni kama kilomita 50 tu kutoka katikati ya Cape Town. Unajikuta umeshika usukani kana kwamba unaenda Thika.

Niliwahi kuliachia kundi la marafiki sita lichague dereva miongoni mwao. Kijana aliyekubali alikuwa mwaminifu kabisa. Lakini shamba la pili mhudumu alimwekea glasi kama wengine, mwenzake akamwambia, "Bro, hii onja tu." Saa kumi na moja jioni walinipigia simu, hakuna aliyejua amekunywa kiasi gani. Nilihangaika kwa simu kutoka Nairobi hadi nikawapatia dereva, na gari lao likalala shambani. Nilimshukuru Mungu kwamba walipiga. Tangu siku hiyo simpi mtu aliyelipia likizo yake kazi ya kuwatazama wenzake wakinywa. Ni kumwonea.

Njia ninazopendekeza ni hizi. Franschhoek, mji mwingine wa mvinyo, kuna tramu ya kuzungusha wageni mashambani, iliyoanza 2012, inayoshirikiana na mabasi yake kukuzungusha shamba hadi shamba. Unashuka, unaonja, unapanda inayofuata. Kwa anayekwenda mara ya kwanza, hii ndiyo chaguo langu, mradi tiketi ikatwe mapema. Asiyetaka kutoka Cape Town aende mtaa wa Constantia, ambako Groot Constantia, shamba lililoanzishwa 1685, liko karibu kiasi kwamba teksi ya kwenda na kurudi haiumizi mfuko. Kwa Stellenbosch, kodi gari na dereva wa siku nzima, au lala hukohuko Stellenbosch. Teksi za simu zipo, ila usizitegemee kukutoa shamba la mbali jioni. Magari hupungua, na mtandao husumbua.

Hatua ya 3: Mlipe dereva kwanza

Kama ni chama, pesa za dereva zitoke kwenye kapu kabla ya mtu yeyote kuagiza chupa. Kila mwanachama atume mchango wake kwa M-Pesa wiki mbili kabla ya safari. Nimeona watu wakikwepa gharama ya dereva, kisha wakanunua chupa moja ya bei hiyohiyo.

Hatua ya 4: Mashamba mawili yanatosha

Najua mtanibishia. Lakini vyumba vingi vya kuonjea hufungwa saa kumi au kumi na moja jioni, na ukilazimisha manne unageuka mtu wa kumeza na kukimbia. Panga moja asubuhi, chakula cha mchana cha kukaa, kisha moja alasiri. Omba Pinotage, zabibu iliyozalishwa Stellenbosch mwaka 1925 kwa kuchanganya Pinot Noir na Cinsaut. Itakupa cha kuzungumza na mhudumu.

Na uteme. Mezani huwa kuna chombo cha kutemea, na wataalamu wenyewe hukitumia. Kwetu kutema mbele ya mwenyeji ni utovu wa adabu, ndiyo maana wateja wangu huona haya. Kule hakuna atakayekushangaa. Asiyekunywa aulize juisi ya zabibu, mashamba mengi huwa nayo.

Ukibaki nyumbani: Naivasha

Mvinyo wa Leleshwa hutoka kwa zabibu za Naivasha, karibu kilomita 90 kutoka Nairobi. Piga simu kwanza kuhakikisha wanapokea wageni. Halafu lala huko. Kupanda ule mteremko wa Mai Mahiu usiku, katikati ya malori, ni kazi ngumu hata kwa asiyegusa tone.

Hatua ya 5: Ilinde asubuhi

Hapa ndipo wengi waangalifu huteleza. Chupa nzima iliyoanzwa saa mbili usiku ina kama gramu 80 za kileo. Kwa mwili wa polepole, itaisha saa moja na nusu asubuhi au baadaye. Kwa hiyo siku inayofuata mvinyo usiweke safari ya alfajiri ukiwa wewe ndiye dereva. Kama unataka gari la kwenda Cape Point, mwambie wakala utalichukua saa sita mchana, na uandike hivyo kwenye nafasi uliyoweka ukiwa bado Nairobi.