Jenereta inakunywa maji? Jua yanaenda wapi kabla hujafunguliwa hedi

Jenereta ikianza kupunguza maji ya radieta wengi wetu huku Nakuru tunafanya kitu kimoja, mtungi unawekwa kando ya kanopi (lile boksi la jenereta) na kila asubuhi mtu anajazia, mpaka siku injini inashika ndio watu wanaanza kuulizana maji yalikuwa yanaenda wapi. Tafadhali usifike hapo. Na pia usikubali mtu akufungulie hedi, ile sehemu ya juu inayofunika silinda, siku ya kwanza ati lazima ni gasketi, ile sili iko chini yake. Kuna mahali Kisumu, wanahifadhi samaki kwa baridi, hedi ilitolewa, gasketi mpya ikawekwa, pesa mingi ikaenda, na maji bado yakazidi kupungua juu shida ilikuwa pampu ya maji. Iliniuma sana.

Anza kupima injini ikiwa baridi kabisa. Usifungue radieta ya moto, hayo maji yakiruka yanakuchuna uso. Jaza, weka alama ya leveli, andika masaa yako kwa mita, halafu baada ya masaa kumi ya kazi pima umeongeza maji ngapi. Bila hiyo namba unabahatisha tu, maana nusu lita kwa mwezi na lita mbili kwa usiku mmoja si ugonjwa mmoja.

Kitu cha kwanza ni kifuniko cha radieta, na watu wanakidharau. Nakuru tuko kama mita 1,850 juu ya bahari, maji wazi huku yanachemka karibu digrii 94, Kisumu kama 96. Presha ya kifuniko ndio inazuia yasichemke mapema, kwa hivyo raba ikikatika ama springi ikilegea maji yanatokea kwa paipu ya kumwagia na hakuna mahali pamepasuka. Angalia namba iliyoandikwa juu yake, kama 7 ama 13 psi (kipimo cha presha), na ukinunua ingine iwe hiyo hiyo.

Sasa mambo ya kuvuja nje. Jenereta inadanganya kuliko gari, juu feni yake kawaida inasukuma upepo kutoka kwa injini kwenda nje kupitia radieta, na tone likitoka linakaushwa ama linapeperushwa kabla ulione. Kwa hivyo tafuta alama, ule unga mweupe ama wa kijani uliokaukia chuma. Halafu azima ile pampu ya mkono ya kupima presha, ifunge penye kifuniko, piga mpaka namba ya kifuniko na usipitishe, uache dakika kumi na tano ama zaidi huku ukimulika na tochi. Mulika klipu za hosi, hosi za hita kama iko nayo, koki ya kumwagia, maungio ya radieta, na hasa katundu kadogo chini ya pampu ya maji. Kale katundu kako pale makusudi, sili ya ndani ikiisha maji yanatokea hapo. Usikazibe.

Kama presha inashuka na nje ni kukavu, basi ni ndani. Toa dipstiki, oili ikikaa kama chai ya maziwa, usiwashe tena. Bado inaeza kuwa kula ya oili (oil cooler, ile inapoza oili kwa maji) na si gasketi, kwa hivyo angalia pia kama kuna oili inaelea kwa radieta. Ukishuku gasketi, injini ikiwa baridi toa kifuniko, jaza mpaka juu, washa, uangalie kabla ya themostati (vali inayofunguka maji yakipata moto) kufunguka. Mapovu machache ya mwanzo ni hewa tu, lakini yakiendelea bila kukoma, hiyo ni moshi ya silinda inaingia kwa maji. Moshi mweupe peke yake usiuamini, asubuhi ya baridi Nakuru hata injini isiyo na shida inatoa.

Njia ingine ni kuacha presha ya ile pampu ya mkono usiku kucha injini ikiwa imezimwa, asubuhi unalegeza nati ya sampu (bakuli la oili chini ya injini) polepole, maji ni mazito kuliko oili so kama yako yatatoka kwanza. Hapo ni layna (ukuta wa silinda, penye pistoni inatembea), o-ringi zake za raba, gasketi ama kula ya oili. Na ukishuku maji yameingia juu ya pistoni usipige stata! Maji hayabanwi, konrodi, ile fimbo ya kushika pistoni, itapinda. Toa injekta kwanza, zungusha kwa mkono, uone kama yatatoka.

Wacha niseme hii pia juu imeua injini nyingi: ile sensa ya joto inapima maji. Maji yakishuka chini yake inapima hewa, geji inaonekana sawa, na mtambo hautajizima.

Ukishatengeneza usirudishe maji ya kisima, ya huku yana madini mingi. Weka maji ya betri (yale yaliyosafishwa, si asidi) ama ya mvua safi, nusu kwa nusu na kulanti (dawa ya radieta), juu maji matupu yanaacha layna itobolewe na vipovu kutoka nje. Kulanti ni tamu na ni sumu, usimwage mahali mbwa ama mtoto atafika. Toa hewa, iendeshe ikibeba lodi (vitu vya umeme) saa moja, ipoe, halafu rudi kwa ile alama yako ya leveli.