SOMO: Jinsi ya kuwavusha samaki wa tangini msimu huu wa joto

Wakuu, habari za leo. Kaskazi imeshika, na kila ikifika Januari na Februari napokea ujumbe uleule: "Samaki wangu wanahema juu ya maji, wawili wameshakufa, tatizo nini?" Safari hii nimeamua kuandika yote mahali pamoja. Nafugia hapa Dar, nina tangi la lita 100 sebuleni lenye sikilidi wa Ziwa Nyasa, na mengine mawili madogo ya samaki wadogo waitwao gapi. Ninachoandika hapa nimekifanya kwa mikono yangu.

Kabla hujashika ndoo, elewa jambo moja. Kwa joto la huku kwetu, samaki wengi huuawa na kukosa hewa kabla joto lenyewe halijawaua. Maji ya nyuzi 20 yanaweza kubeba oksijeni kama miligramu 9 kwa lita. Yakifika nyuzi 30, yanabeba kama 7 na nusu tu. Na hapo hapo mwili wa samaki ukipata joto unakwenda mbio, unataka hewa nyingi kuliko jana. Kwa hiyo mtu anayekimbilia barafu kwanza ameanzia mwisho. Anza na hewa, kupoza kutafuata.

Hatua ya 1: Pima

Tafuta kipimajoto cha tangi. Kuingiza mkono na kusema "mbona ni ya uvuguvugu tu" si kupima. Soma alfajiri, soma tena saa tisa alasiri, andika kwa wiki nzima. Gapi wanakaa vizuri kwenye nyuzi 22 hadi 28. Sikilidi wa Nyasa na Tanganyika, 24 hadi 27. Diskasi wao wanapenda 28 hadi 30, hao wasikutie wasiwasi mapema. Goldifishi ni samaki wa maji baridi, 18 hadi 24, na kwa pwani yetu huyo anaishi kwa kuvumilia mwaka mzima. Kwangu kengele ni nyuzi 30. Ikifika 32 silali.

Hatua ya 2: Chezesha uso wa maji

Hewa inaingia majini kupitia juu, pale maji yanapokutana na hewa ya chumba. Wengi wanadhani mapovu ndiyo yanayolisha maji hewa. Mapovu yanasaidia zaidi kwa sababu yanapanda na kuutibua uso. Basi inua mdomo wa filta mpaka maji yatoke karibu na juu na kufanya mawimbi madogo. Ongeza pampu ya hewa na jiwe lake, lile linalotoa mapovu. Iwashe usiku hasa, kwa sababu taa zikizimwa mimea nayo inavuta oksijeni badala ya kuitoa. Ndiyo maana vifo vingi mnavikuta alfajiri, wakati maji yamepoa kidogo na mtu anashangaa.

Hatua ya 3: Feni

Fungua mfuniko, elekeza feni ndogo ipulize juu ya maji kwa mshazari. Maji yanayopaa yanaondoka na joto. Hapa Dar, kwa unyevu huu wa hewa, napata kama nyuzi 2, na hizo 2 zinatosha kabisa kutoka 31 kurudi 29. Maji yatapungua, mimi naongeza karibu lita 2 kila siku. Kumbuka kinachopaa ni maji tu; chumvi na uchafu vinabaki. Kuongezea hakuchukui nafasi ya kubadilisha maji.

Mfuniko ukiwa wazi samaki wataruka, kwa hiyo wengi hufunika kwa neti. Hapa naomba msome polepole: usitumie chandarua chenye dawa. Dawa inayowekwa kwenye vyandarua vya mbu ni sumu kali sana kwa samaki, hata kipande kidogo kikigusa maji. Nunua neti isiyo na dawa, au kitambaa cha pazia jepesi kilichooshwa kwa maji matupu.

Hatua ya 4: Chupa ya barafu, kwa kiasi

Jaza maji chupa ya lita 1.5 mpaka mabegani, bandua karatasi na gundi yake, igandishe, kisha iachie ielee. Kwenye tangi la lita 100, chupa moja inashusha kama nyuzi 1 hadi 1 na nusu. Usiweke tatu kwa pamoja. Kushuka kwa ghafla kunawatesa samaki kuliko joto walilokwisha lizoea. Mimi sivuki nyuzi 1 kwa saa. Na barafu usiitupe tangini moja kwa moja, maana ikitengenezwa kwa maji ya bomba inaingia na klorini yake.

Hatua ya 5: Maji ya kubadilisha

Hapa ndipo watu wa simtanki tunaponaswa. Tangi jeusi juu ya mnara, jua la saa nane, fungua bomba: maji yanatoka ya moto ya kuogea. Mtu anamimina ndoo mbili akidhani anapoza. Chota alfajiri, weka ndoo ndani ya nyumba ikiwa wazi, iache saa 24. Klorini inatoka na joto linalingana na la chumba. Badilisha robo ya tangi, si nusu, na pima ndoo kabla ya kumimina.

Hatua ya 6: Chakula na taa

Punguza chakula nusu. Mabaki yanaoza haraka kwenye joto, yanakula oksijeni, na yanatoa amonia ambayo ukali wake unaongezeka kadiri maji yanavyopata joto. Taa, saa 6 kwa siku zinatosha.

Hatua ya 7: Umeme ukikatika

Februari moja umeme ulikatika saa nne usiku, nikalala. Nilipoamka saa tisa, kwenye mwanga wa simu niliona sikilidi wote wako juu, midomo nje, mashavu yanapiga mbio. Mmoja wa njano alikuwa amelala ubavu kando ya jiwe. Nilichukua kopo la plastiki, nikawa nachota maji ya tangi lilelile na kuyamimina tena kutoka kimo cha mkono ulionyooka. Makopo ishirini, napumzika dakika tano, ishirini tena. Baada ya kama nusu saa wale wa juu walianza kushuka mmoja mmoja. Yule wa njano alijiinua, akaegemea kioo, akabaki hapo mpaka kunakucha. Alipona. Wenzake wawili hawakupona, na hao nawahesabu mpaka leo.

Kesho yake nilinunua pampu ya hewa ya betri. Kama uwezo haupo, kopo linaokoa. Na ukiwa na filta ya mkebe uliofungwa, umeme ukirudi baada ya saa nyingi usiiwashe moja kwa moja. Maji yaliyokaa humo yameshaharibika. Yamwage, suuza sponji kwa maji ya tangi, ndipo uwashe.

MASWALI YA WANACHAMA

*Mkuu asante kwa somo. Niko Mombasa, nina goldifishi wawili kwenye bakuli la duara, wanahema juu kila mchana. Feni nimeweka.*
Bakuli la duara ukilijaza mpaka shingoni, uso wa maji unakuwa mdogo sana. Leo hii punguza maji mpaka pale bakuli lilipo pana zaidi, utaona tofauti. Lakini kaka, nakuambia kwa nia njema, hao wanahitaji nyumba nyingine. Hata beseni pana la plastiki kivulini lenye pampu ni bora kuliko hilo.

*Beta wangu anapanda juu kuvuta hewa, na nyuzi ni 28 tu. Niogope?*
Usiogope. Beta na gurami wana kiungo cha kuvutia hewa ya juu, ndiyo desturi yao. Angalia kama anakula na kama mapezi yamekunjuka. Ila usimfunike kabisa, hewa ya juu ndiyo uhai wake.

*Nipo Dodoma. Feni itafaa huku?*
Itafaa kuliko kwetu. Hewa yenu ni kavu, maji yanapaa haraka na kupoa zaidi. Angalia usipitilize usiku, na angalia kina cha maji kila siku filta isije ikabaki juu inavuta hewa.

*Niko Maskati. Kiyoyozi kipo lakini tukienda kazini tunazima, na maji ya bomba kiangazi yanatoka ya moto.*
Dada, huko kupanda na kushuka kila siku ndiko kunakowachosha samaki. Badala ya kuzima, kiache nyuzi 27 kwenye chumba kile kimoja chenye tangi, milango imefungwa. Maji ya kubadilisha yalaze usiku kucha ndani ya chumba hichohicho.

*Shikamoo mwalimu. Mama anapulizia dawa ya mbu sebuleni kila jioni. Nifunike tangi?*
Marahaba mwanangu. Kufunika peke yake hakutoshi, kwa sababu pampu inavuta hewa ya chumba na kuiingiza majini. Na kuzima pampu kwa muda mrefu kwenye joto hili ni hatari nyingine. Muombe mama vizuri dawa ipigwe vyumbani, sebuleni mtumie neti za madirishani. Akikubali mara moja tu kwa wiki, siku hiyo zima pampu, funika tangi na taulo lililoloana, baada ya nusu saa fungua madirisha, hewa ikishakuwa safi ndipo uwashe. Kisha kaa mbele ya tangi dakika kumi uwaangalie samaki wanavyoogelea.