Somo: Namna ya kusoma kukua kwa Scout na Jem katika riwaya ya To Kill a Mockingbird

Nimeandika somo hili kwa sababu swali lilelile limekuwa likiletwa kwangu karibu kila wiki: "Mwalimu, Scout anapoteza utoto wake katika sura ipi?" Nimechoka kulijibu kwa vipandevipande, maana jibu la kipande huzaa insha ya kipande. Riwaya tunayoizungumzia ni ya Harper Lee. Ilitoka mwaka 1960, ikapata Tuzo ya Pulitzer mwaka 1961, na matukio yake yanapita katika mji wa kubuni wa Maycomb, jimbo la Alabama, kusini mwa Marekani, katika miaka ya 1930. Nachukulia kwamba umeshazisoma sura zote 31.

Hatua ya 1. Andika umri wa watoto pembeni mwa daftari lako: mwanzoni Scout, msichana anayetusimulia, hajatimiza miaka 6 na kaka yake Jem anakaribia 10, mwishoni Jem anakaribia 13.

Hatua ya 2. Igawanye riwaya pale mwandishi mwenyewe alipoigawa, yaani baada ya sura ya 11, lakini usiandike insha mbili. Hofu ya watoto kwa Boo Radley, jirani ambaye hawajawahi kumtia machoni, imelelewa na uvumi tu. Mji mzima unamhukumu Tom Robinson, mtu mweusi anayeshtakiwa kwa kumbaka msichana mzungu, kwa uvumi wa aina hiyohiyo, ila huu una sheria na bunduki nyuma yake.

Hatua ya 3. Tenganisha sauti mbili za msimulizi. Hapa ndipo nilipoharibu mimi nilipokuwa chuoni, kwa hiyo naomba usome polepole. Katika sura ya 15, Atticus, baba yao na wakili wa Tom, ameketi usiku mbele ya mlango wa jela kwenye kiti alichokitoa ofisini, anasoma gazeti chini ya taa aliyoivuta kwa waya mrefu, akimlinda Tom. Magari yanakuja, wanaume wanashuka, na Scout anapenya katikati yao. Anamtambua Bwana Cunningham, anamsalimu, anamuulizia kesi yake ya shamba, kisha anamtaja mwanawe Walter, anayesoma naye. Mtu mzima yule anachuchumaa, anamshika mabega, anaahidi kumfikishia Walter salamu, halafu anawaambia wenzake waondoke. Mimi niliandika kwamba Scout alitumia busara na ujasiri kuwatawanya wauaji. Mhadhiri wangu hakunipigia mstari mwekundu, aliandika pembeni neno moja tu, "Alijuaje?", na insha yote ikaporomoka, kwa kuwa Scout hakujua. Alidhani anafanya adabu aliyofundishwa, ya kumzungumzisha mtu juu ya mambo yanayomhusu yeye. Maana ya yale aliyoyaona inamfikia baadaye, akiwa nyumbani, na ndipo anapolia.

Kwa hiyo nakuonya mara mbili. Usimpe mtoto maarifa ya mtu mzima, kwa sababu nguvu ya tukio lile inatokana na kutojua kwake: wanaume wale walikuja kama kundi, naye akazungumza na mmoja wao kama baba wa mtoto. Pia usisahau kwamba anayesimulia ni mwanamke mzima anayekumbuka, yaani Scout mwenyewe, ambaye jina lake halisi ni Jean Louise, na kwamba maneno mazito na sentensi za kisheria ni zake yeye, si za binti wa miaka minane. Kila unaponukuu, jiulize: hili Scout aliliona, au Jean Louise mzima amelielewa? Wanaoruka swali hili ndio wanaorudi kuniuliza "sura ipi".

Hatua ya 4. Fuata mikono mahakamani. Mayella Ewell, msichana anayemshtaki Tom, aliumizwa upande wa kulia wa uso. Baba yake anaandika jina lake kwa mkono wa kushoto mbele ya watu wote. Na mkono wa kushoto wa Tom uliharibiwa na mashine ya kuchambulia pamba alipokuwa mtoto. Anapoapishwa, Tom anaunyanyua mkono huo uliokufa kwa mkono wake mzima, anauweka juu ya Biblia, nao unateleza na kuangukia meza ya karani. Anajaribu tena, mpaka hakimu anamwambia inatosha. Jem ameyaona yote haya kutoka roshani ya watu weusi, na anaamini kwamba wameshashinda. Mchungaji Sykes ndiye anayemwambia kwamba hajawahi kuona wazee wa baraza wakimpa mtu mweusi ushindi dhidi ya mzungu.

Hatua ya 5. Mtazame Jem kabla ya Scout. Hukumu inaposomwa, Scout anamchungulia kaka yake: mikono imekuwa myeupe kwa kuukamata ukingo wa roshani, na kila neno la hatia linapotajwa mabega yake yanastuka kama mtu anayechomwa kisu. Kukua katika riwaya hii kunamjia Jem kama jeraha, kwa kuwa ana umri wa kutosha kuamini sheria na hajafikia umri wa kuzoea kuvunjwa kwake. Katika sura ya 23 Scout anasema kwamba watu wote ni aina moja tu, naye Jem anajibu kwamba hata yeye alifikiri hivyo alipokuwa na umri wake. Sijui mazungumzo mengine mafupi yanayopima umbali kati ya watoto wawili wa nyumba moja kwa usahihi kama huo.

Hatua ya 6. Chagua tukio moja, andika.

Maswali ya wanachama

Mwanachama wa kwanza: Mwalimu, shikamoo. Naomba muhtasari wa sura zote, mtihani ni kesho.
Jibu: Marahaba. Sina muhtasari. Isome sura ya 15 usiku huu.

Mwanachama wa pili: Mbona kwenye filamu Scout anaonekana anajua anachokifanya pale jela?
Jibu: Somo hili linahusu riwaya, na nimelitaja hilo tangu kichwa cha habari. Filamu ya mwaka 1962 ni kazi ya watu wengine, na kamera inamtazama Scout kutoka nje.

Mwanachama wa tatu: Mockingbird nimemtafsiri kasuku kwenye insha. Nimekosea?
Jibu: Umekosea. Ni ndege wa porini wa Amerika anayeiga nyimbo za ndege wengine. Mwite ndege mwigaji, kisha eleza kwamba hali mazao ya mtu. Anaimba tu, na ndiyo maana kumuua ni dhambi.

Mwanachama wa nne: Nafundisha kidato cha tano. Wanafunzi wangu wanasema kesi ya Tom imetiwa chumvi. Niwajibu nini?
Jibu: Swali zuri sana, mwalimu mwenzangu. Wapeleke Scottsboro, Alabama, mwaka 1931, ambako vijana weusi tisa walishtakiwa kwa kuwabaka wanawake wawili wazungu ndani ya treni ya mizigo, na wanane kati yao wakahukumiwa kifo katika siku chache za mwezi Aprili mbele ya wazee wa baraza ambao wote walikuwa wazungu. Baadaye mmoja wa wanawake hao aliukana ushahidi wake. Mwambie kila mwanafunzi asome habari hiyo kwanza, kisha arudi kwenye sura ya 21, na hutasikia tena habari ya chumvi.

Mwanachama wa tano: Je, watu weusi wenyewe wanakua katika riwaya hii, au wapo ili watoto wa kizungu wajifunze?
Jibu: Lawama hiyo ni ya haki, na wahakiki wengi wameitoa. Tom tunamsikia kizimbani tu, ukiacha maneno machache anayoyasema kutoka jela usiku ule wa sura ya 15. Lakini soma sura ya 12, Calpurnia, mpishi mweusi wa nyumbani kwao Scout, anapowapeleka watoto kanisani kwake. Scout anamsikia akizungumza lugha tofauti na ile ya nyumbani kwao, anaona waumini wakifuatisha wimbo mstari kwa mstari kwa kuwa wengi hawajui kusoma, na kwa mara ya kwanza anatambua kwamba mama huyu aliyemlea ana maisha yake mwenyewe. Ubaguzi ulikuwa jikoni kwao siku zote, katika swali ambalo mtoto hakuwahi kuliuliza. Ningefurahi ukiandika juu ya hilo na kunitumia.

Mwanachama wa nne: Ahsante, mwalimu. Na yale matusi ya rangi, nikisoma kwa sauti darasani niyatamke?
Jibu: Mimi siyatamki. Nanyamaza kidogo mahali pake, wanafunzi wanaliona neno kwenye ukurasa, kisha tunajadili nani amelisema na nani amelinyamazia.

Mwanachama wa tano: Nimerudia pia sura ya 25. Jem anamkataza Scout kuponda kidudu, akisema hakijamfanya lolote. Kumbe Scout anakichukua na kukiweka nje ngazini. Sikuwahi kuona.
Jibu: Umeona vizuri. Sasa endelea kurasa chache mbele katika sura hiyohiyo, Helen, mke wa Tom, anapopelekewa habari ya kifo cha mumewe. Dill, rafiki wa Scout na Jem, anasimulia kwamba Helen alianguka mavumbini kana kwamba jitu limemkanyaga, kama mtu anavyokanyaga siafu. Matukio hayo mawili yaweke katika aya moja.