Kabla ya kuitisha siku ya tabianchi Moshi: mambo ya kuzingatia

Ukitaka kukusanya watu wa kata kadhaa za Moshi kwa ajili ya mabadiliko ya tabianchi, jambo la kwanza la kujua ni nani atakayetunza kazi ya siku hiyo maturubai yakishakunjwa. Jina lake lipatikane kabla hata ya kuchapisha fulana. Likikosekana, ahirisheni. Miche iliyokauka mistarini inawavunja watu moyo kuliko kutofanya lolote, na mwakani mkipiga mbiu hawaji.

Tarehe mara nyingi hupangwa kwa kalenda ya ofisi. Siku ya Mazingira Duniani ni 5 Juni, basi wengi hubeba majembe siku hiyo. Kwa Moshi, Juni masika yameshakata na baridi inaingia, kwa hiyo mche uliowekwa ardhini wakati huo unaingia moja kwa moja kwenye miezi mikavu hadi vuli. Siku ya kitaifa ya kupanda miti, 1 Aprili, inaangukia ndani ya masika na inafaa zaidi. Hata hivyo fuatilieni utabiri wa msimu wa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, na msipande mpaka udongo ulowe vya kutosha. Hiyo 5 Juni itumieni kuzibua mifereji na kuwekea matandazo miche ya Aprili. Halafu kuna Desemba, ambapo Wachaga wanarudi nyumbani kwa Krismasi. Wengi wanaoamua mti gani ukatwe na upi ubaki kihambani, yaani kwenye shamba la ukoo lililozunguka nyumba, wanaishi Dar es Salaam, na makubaliano yaliyofanyika bila wao hayadumu. Kaeni nao wakati huo, mapema kabla ya masika.

Kuhusu wageni, msiishie kwa watu wa mlimani Kilimanjaro. Maji yanayopita Kibosho na Old Moshi ndiyo yanayosubiriwa na wakulima wa mpunga Mabogini na wenzao wa Kahe, na kiangazi kikiwa kikali pande hizo mbili hulaumiana. Shughuli inayowakalisha pamoja ina thamani kuliko maandamano marefu ya mabango. Wazee wanaosimamia mifongo, ile mifereji ya asili ya Wachaga, wapewe viti vya mbele na wazungumze mapema, watu wangali na utulivu. Msiwapelekee barua tu. Nendeni nyumbani, toeni shikamoo, elezeni nia yenu, na kama desturi ya pale inataka mbege, pombe ya ndizi ya Wachaga, isikosekane. Mzee wa namna hiyo anakumbuka chemchemi ipi ilikuwa haikauki na mwaka gani ilianza kukauka, na kumbukumbu hiyo haipatikani kwenye ripoti.

Vibali havina ugumu mkiwahi. Pitieni kwa mwenyekiti wa mtaa au kijiji, mtendaji wa kata, kisha afisa mazingira. Kumbukeni Manispaa ya Moshi na Halmashauri ya Wilaya ya Moshi ni ofisi mbili tofauti, kwa hiyo tukio la kata za pande zote linahitaji taarifa kwa zote mbili. Mkutano wa hadhara au maandamano yanahitaji taarifa ya maandishi polisi angalau saa 48 kabla. Mkipanda karibu na mto au chemchemi, shirikisheni Bodi ya Maji Bonde la Pangani, ambayo ofisi yake iko hapahapa Moshi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inalinda mita 60 kutoka kwenye chanzo cha maji, na ni vizuri wenye mashamba ya pale waisikie kutoka kwenu kwa upole kabla hawajaisikia kwa faini.

Miche ndiyo inayotaka umakini zaidi. Msikubali kila mche unaotolewa bure. Mikaratusi inakua haraka lakini inakunywa maji mengi, haifai kabisa kando ya chemchemi. Hapo pandeni mikuyu, misesewe au miringaringa, miti ambayo wenyeji wanaifahamu. Nyumbani kwa watu pelekeni parachichi, kwa sababu mti unaolisha familia haumsubiri mlinzi. Agizeni bustanini miezi kadhaa kabla, na wiki chache za mwisho ombeni miche ipunguziwe maji na kivuli ili ikomae. Mashimo yachimbwe mapema na kuwekwa samadi iliyooza. Siku yenyewe, kila kikundi kiwe na mtu mmoja mwenye wembe: akate kitako cha kiriba, kile kifuko cha plastiki cha mche, pamoja na mizizi iliyojizungusha chini, apasue ubavu, atoe mche na udongo wake, plastiki aiweke kwenye gunia. Wageni wenye haraka hufukia mche na kiriba chake. Kwa juu unapendeza kwenye picha, chini mizizi imefungwa.

Msemaji naye aandaliwe. Barafu ya Kibo, kilele cha Kilimanjaro, imepungua kwa zaidi ya asilimia 80 tangu 1912, na hilo lisemwe. Lakini asiwaambie watu kwamba mito yao inatoka kwenye barafu, maana sehemu kubwa sana ya maji ya mlima huanzia kwenye ukanda wa msitu, unaopokea mvua na kunasa ukungu. Moto mkubwa wa Oktoba 2020 ulivyounguza mimea ya juu, uliugusa mfumo huohuo. Mkulima akielewa hivyo anajua pia kwamba ana la kufanya, kwa kuwa barafu hawezi kuilinda kwa jembe, ila msitu anaweza.

Chakula kipikwe kwa gesi au majiko banifu. Maji ya kunywa yawe kwenye ndoo zenye bomba, kila mtu aje na kikombe chake. Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku tangu 1 Juni 2019, isionekane kwenu.

Bajeti iwe na fungu la mtunzaji na la uzio wa miiba, kwani mbuzi hawasomi mabango. Miche ihesabiwe Julai, ihesabiwe tena Oktoba mbele ya wale wale walioipanda, na iliyokufa irudishiwe vuli ikianza kunyesha.