Jinsi ya kuitazama Jumamosi ya Januari 3, 1970 kama ilivyorushwa Uingereza

Wengi wanaokuja dukani kwangu kutaka vipindi vya zamani vya Uingereza wanataka vipande: dakika tatu za hiki, wimbo wa kufungulia wa kile. Mimi huwashauri wachukue siku nzima. Rangi ya mwanzo ya televisheni haieleweki kwa vipande, kwa sababu ilikuja kidogo kidogo, katikati ya picha za nyeusi na nyeupe na katikati ya masaa ambayo hapakuwa na kipindi chochote.

Tarehe ndiyo ya kwanza. BBC2 ilianza rangi Julai 1967 kwa tenisi ya Wimbledon, lakini BBC1 na ITV, chaneli ya kibiashara, ziliipata rasmi Novemba 15, 1969. Kwa hiyo Jumamosi hii rangi ina wiki saba tu kwenye chaneli zinazotazamwa na watu wengi zaidi. Ratiba ya BBC utaipata kwenye tovuti ya BBC Genome, zilikohifadhiwa ratiba za gazeti la Radio Times. ITV haimo humo. Ilikuwa na gazeti lake, TVTimes, na kila mkoa ulikuwa na kampuni yake, hivyo amua kabisa unaishi wapi siku hiyo: London utapata London Weekend, Manchester utapata Granada. Saa za London zifanye ndizo saa zako, usihangaike kuongeza masaa mawili.

Sasa TV yako, na hapa naomba usiharakishe. Weka picha kwenye umbo la 4:3, ibaki na weusi pembeni. Ukiivuta ijaze skrini, kila mtu ananenepa. Zima ule mpangilio wa kulainisha mwendo. Kisha tafuta kadi ya majaribio iitwayo Test Card F, yenye picha ya msichana Carole Hersee na mwanasesere wake. Alama ya X iliyo kwenye ubao wake wa mchezo ndiyo katikati kamili ya picha. Shusha rangi mpaka sifuri, rekebisha mwanga hadi ngazi za kijivu zilizo pembeni zitofautiane zote, ndipo upandishe rangi polepole ukimwangalia usoni. Ngozi yake ikikaa kama ngozi ya mtu, acha hapo hapo. Usipandishe zaidi kwa kupenda nyekundu. Hapa Unguja rangi ilifika mapema miaka ya 1970, nayo kwa mfumo uleule wa rangi wa Uingereza, uitwao PAL, na hadi leo naamini uso wa mtu ndio kipimo bora kuliko mashine yoyote, iwe TV ya chogo au ya bapa.

Mchana ni wa michezo: Grandstand kwenye BBC1, World of Sport kwenye ITV, na mieleka yake saa kumi. Siku ile ilikuwa raundi ya tatu ya Kombe la FA. Huwezi kuipata alasiri nzima, basi tafuta vipande vya miaka hiyo ujazie, hasa ile mashine ikichapa matokeo ya mechi herufi kwa herufi.

Saa kumi na moja na robo jioni, kaa. Ndiyo siku mwigizaji Jon Pertwee alipoanza kuwa shujaa wa Doctor Who, tamthilia ya msafiri wa wakati, na kipindi hicho kikaanza kuonekana kwa rangi. Hadithi yenyewe ni Spearhead from Space. Kwa sababu ya mgogoro wa kazi studioni, yote ilipigwa kwa filamu ya milimita 16, ndiyo maana nakala yake ya Blu-ray ni safi ajabu. Ukimaliza, onja hadithi iliyofuata, iliyoanza Januari 31. Ndani ya nyumba ni kamera za studio, mwendo wake laini, picha 50 kwa sekunde. Mtu akitoka nje ni filamu, picha 25, na rangi yote inabadilika. Mkato ule pale mlangoni ndio sura halisi ya televisheni ya Uingereza ya wakati huo.

Usiku, kabla ya soka la Match of the Day, ondoa rangi kabisa kwa kipindi kimoja. Leseni ya kutazama TV ya rangi ilikuwa pauni 11 kwa mwaka, ya nyeusi na nyeupe pauni 6, na TV yenyewe ya rangi ilikuwa ghali mno, hata nyumba nyingi zikabaki na kijivu. Jaribu na mechi yoyote ya snuka, mchezo wa mezani wa mipira ya rangi: mpira wa kijani ni upi, wa kahawia ni upi?

Ukipenda mchezo huu na kutaka tarehe nyingine, angalia kati ya Novemba 1970 na Februari 1971. Mafundi wa ITV waligoma kufanya kazi kwa rangi bila nyongeza ya malipo, vipindi vingi vikarekodiwa nyeusi na nyeupe, vikiwemo vya mwanzo vya tamthilia ya Upstairs, Downstairs. Ukivikuta hivyo, usiguse rimoti. Nakala yako ni nzima.